Ringi Pana Mbele na Nyuma

Ringi zilifika kutoka Dar kwenye boksi moja, mitumba ya Ulaya, na nilipozitoa pale kibandani kwangu Korogwe, ninapotengeneza baiskeli, watu waliacha chai zao. Mbili zilikuwa nyembamba, kina chake vidole viwili tu. Mbili zilikuwa pana, kiganja kizima kutoka tairi kwenda katikati, nyeusi tii. Mdogo wangu wa kike hakuziangalia zile nyembamba.

Alikuwa akijiandaa na mbio za kuchagua timu ya mkoa, Korogwe mpaka Handeni. Mwaka uliotangulia aliachwa karibu na kumaliza, akalia njia nzima ya kurudi. Ringi pana hukata upepo wa mbele. Ikishachanganya mwendo, inakwenda yenyewe. Hilo nilimfundisha mimi. Nilimwambia pia kwamba upepo wa ubavuni huisukuma, hasa ya mbele, kwa sababu hiyo ndiyo inayofuata usukani. Na yeye ni mwepesi mno. Ukimwona unadhani atapeperuka pamoja na nguo zilizoanikwa.

"Nyuma weka pana, mbele weka nyembamba," nikamwambia.

"Kaka, nimechoka kuwa wa nne. Weka pana zote."

Tukazijaribu kama tunavyojaribu kila kitu. Kwetu baiskeli ni chombo cha mizigo: mkaa, mahindi ya Mashewa, machungwa, hata mgonjwa. Gurudumu jipya hupimwa kwa uzito. Baba, ambaye si mtu mdogo, akakalishwa kwenye bomba la juu, mdogo wangu akakanyaga, wakazunguka uwanja wa mpira huku watu wakishangilia. Baiskeli haikutikisika. Baba akashuka anahema, akasema hicho ni chuma, mtoto aachwe aende.

Roho yangu ilikataa. Baiskeli ilikuwa imetulia kwa sababu ya baba! Kilo zake ndizo zilizoikandamiza chini, na siku ya mbio baba hatakuwepo pale juu. Nikalisema hilo mbele ya wote.

"Acha uchuro," baba akanikata. "Mtu hajaondoka, wewe unamtabiria kuanguka?"

Kwetu ukishaambiwa hivyo, umefungwa mdomo. Nikazifunga ringi pana, mbele na nyuma, kwa mikono yangu, nikikaza kila nati kwa hasira.

Siku ya mbio nilimfuata kwa pikipiki. Barabara haifungwi kwa ajili ya baiskeli. Mabasi na malori yanapita kama siku zote. Palipokuwa na miti hali ilikuwa shwari, naye alikuwa wa pili. Miti ilipoisha tukaingia uwazini, nyasi zote zimelala upande mmoja, upepo unatoka kulia. Akaulalia upepo huo, baiskeli imeinama kama mtu anayesukuma mlango mzito kwa bega. Nilianza kuomba Mungu kwa sauti ndani ya kofia ngumu.

Nyuma yangu basi likapiga honi, likanipita, likamfikia. Nilichokuwa nakiogopa siku zote ni upepo kuvuma. Sikuwahi kuogopa upepo kukatika. Basi liliuziba ghafla, na yeye, aliyekuwa ameuegemea, akakosa cha kuegemea. Akaenda kulia, moja kwa moja ubavuni mwa basi. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Kisha basi likapita, upepo ukamrudia, ukamtupa kushoto mpaka kwenye udongo. Hakuanguka. Akapanda tena lami, akakanyaga.

Handeni alimaliza wa pili. Akaingia timu ya mkoa. Watu walimbeba, na baba, aliyetangulia kwa gari, alikuwa akilia kwa furaha, akimwambia kila mtu kwamba ringi zile alizijaribu mwenyewe. Kwenye bega la kulia jezi ya mdogo wangu ilikuwa na alama pana ya vumbi, vumbi la ubavuni mwa basi. Baba akalipangusa kwa kiganja, taratibu, anacheka, akidhani ni la njiani tu.

Mdogo wangu aliniona nikitazama bega lile.

"Kambi inaanza Jumatatu," akaniambia. "Mazoezi tutafanyia barabara kuu ya Arusha, kwenye mabasi mengi. Ringi ni hizi hizi, kaka."