Landrova ya Tekber kwenye Mpando wa Amojar

Siku Yeslem alipoirudisha Landrova mtaani, hakuna aliyemsikia akija. Kwa miaka yote gari hilo lilikuwa likisikika tangu sokoni Atar, likigonga kama mtu anayetwanga kwenye kinu cha bati, na mbuzi wa mtaa walikuwa wakilijua na kulipisha mapema. Asubuhi hiyo mbuzi mmoja nusura akanyagwe. Tekber alitoka nje huku akijitanda mlahfa wake kichwani, akakuta gari limesimama mlangoni na Yeslem ameliegemea, mikono kifuani, anajifanya anaangalia mawingu ambayo hayakuwepo.

"Mbona umelizima? Nataka kulisikia," Tekber akasema.

"Weka mkono kwenye boneti."

Akaweka. Chini ya bati kulikuwa na mtetemo mdogo, kama wa tumbo la paka aliyeshiba. Injini ilikuwa inawaka.

"Haya," Tekber akasema. "Umeweza."

Kwa Tekber hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Yeslem aliijua thamani yake, maana aliwahi kuwa mume wake. Walioana vijana, wakazaa binti mmoja, Salka, ambaye sasa ameolewa Nuadhibu. Kisha Yeslem akashikwa na hamu ya kuhamia pwani huko huko Nuadhibu, kwenye meli na karakana kubwa, na Tekber akasema yeye na samaki hawajuani. Walibishana misimu mingi, mwishowe wakaachana. Shoga zake Tekber walimpigia ngoma na vigelegele, kama desturi ya kwao mwanamke akiachika, wakampaka hina mpaka kwenye vifundo, na Yeslem akaondoka na sanduku lake la spana begani, nyumba ikabaki kwa mwenyewe, Tekber. Baada ya muda akarudi Atar peke yake, akafungua karakana nyuma ya soko. Alichokiona pwani hakukisema, na Tekber hakumwuliza.

Landrova haikuwa na uhusiano na ndoa ile. Ilikuwa ya baba yake Tekber. Ukame ulipommalizia ngamia, mzee yule aliinunua kwa wapima madini waliokuwa wakirudi kwao, akaiendesha mpaka macho yake yalipoanza kuona mawe mawili penye moja. Hapo ndipo alipomweka binti yake kwenye usukani na kumwambia, "Mimi nitakuwa miguu, wewe uwe macho," akawa anakanyaga breki kwa mguu wake upande wa abiria, ambako hakuna breki. Tangu hapo Tekber alikuwa akiwabeba maharusi, wajawazito wenye uchungu, magunia ya tende, na kila kiangazi alikuwa akiwapandisha wanawake Shingiti kwenda getna, pale tende zinapoiva na watu wanaacha kazi zote kwenda kula na kukaa chini ya mitende.

Mwaka huo injini ilikuwa imezeeka kabisa. Ilikunywa oili kuliko petroli na moshi wake ulikuwa unawakoholesha wapita njia. Yeslem aliichukua tangu baridi ilipoanza, akaifumua yote: pistoni mpya, ringi mpya, valvu zikasagwa upya zikakaa kwenye viti vipya. Ndiyo hiyo aliyoileta siku ile, imenyamaza kama bibi harusi.

Safari ya kwanza Tekber alimchukua mama yake, Bi Mneina, ambaye hakuwahi kukosa getna hata moja maishani. Bi kizee alikaa mbele juu ya mito miwili. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri mno. Lakini walipoanza kupanda Amojar, mlima wa njia ya Shingiti, katikati ya majabali, Tekber aliona mguu wake unazama kwenye pedali ya petroli na gari halijali. Akashuka gia, kisha akashuka nyingine. Injini ikaanza kupumua vibaya, ikapiga mlipuko mdogo kwenye bomba la moshi, ikazima.

"Imekufa?" Bi Mneina akauliza.

"Imechoka."

"Imechoka na juzi tu imezaliwa!"

Waliwasha makaa kwenye kivuli cha jabali, wakachemsha chai. Walipomaliza glasi ya tatu, Tekber akajaribu tena, na injini ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Hakuthubutu kuendelea. Akageuza gari, wakarudi Atar.

Yeslem alipomwona mama mkwe wake wa zamani ndani ya gari, alivuta kilemba mpaka puani, akaanza kuyasemesha magurudumu. Mkwe ni mkwe, haonyeshwi uso wala hasemeshwi, hata talaka ikiwa imezeeka.

"Mwambie huyo afunue uso," Bi Mneina akamwambia binti yake. "Nimemlisha miaka na miaka, pua yake naijua."

"Mwambie mama," Yeslem akayaambia magurudumu, "kuna vumbi."

Tekber akaeleza yaliyotokea. Yeslem akasema ni petroli, siku hizi wanauza maji yenye rangi. Akasafisha kabureta. Tekber akapanda tena mlima peke yake, injini ikazima pale pale. Yeslem akabadilisha koili, akasema mpya hizi hazivumilii joto. Ikazima tena. Safari iliyofuata akamwambia aifunge pampu ya mafuta kwa kitambaa kilicholowa, petroli isichemkie njiani. Tekber alifunga kitambaa, akakilowesha mpaka maji ya kunywa yakabaki tone, na bado ikazima, na yeye akarudi na kiu na hasira.

Mjini watu walishaanza kuonja habari hiyo. Muuza nyama alimwambia Tekber mbele ya wateja, "Fundi mjanja yule. Gari likipona atapata wapi sababu ya kuja kwako?" Wanawake wakacheka, na Tekber naye akacheka, lakini lile neno lilimwingia. Akaenda nalo mpaka karakana.

"Niambie ukweli, Yeslem. Unanichezea?"

Yeslem alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Miguu ile ikatulia. Akajitokeza taratibu, akafuta mikono.

"Nikitaka chai kwako nitabisha hodi," akasema. "Siwezi kuiumiza injini kwa ajili ya chai."

Tekber aliona haya. Aliyajua makosa ya mtu huyu, angeweza kuyataja yote mpaka jua lizame, lakini hilo halikuwamo.

"Basi twende wote," akasema. "Unaitibu hapa ikiwa baridi, na ugonjwa wake uko kule juu. Uende ukauone."

"Kesho?"

"Kesho. Mama naye anakuja. Amesema getna ikimpita mwaka huu atatulaani sisi wawili kwa pamoja."

Walitoka alfajiri. Bi Mneina mbele juu ya mito yake, Yeslem nyuma kati ya magunia na sanduku la spana, kilemba mpaka kwenye kope. Injini ilinyamaza vizuri mpaka majabalini, kisha ikaanza: ikalegea, ikapumua vibaya, ikalipuka kwenye bomba, ikafa.

Yeslem alishuka mbio kama daktari aliyeitwa. Akafungua boneti, akachomoa waya wa plagi, akamwambia Tekber azungushe stata. Cheche ikaruka, nene, ya buluu. Akachomoa mpira wa petroli, petroli ikaruka nayo. Akakaa kwenye bampa, akakuna shingo.

"Moto upo, mafuta yapo," akasema. "Sasa huyu anataka nini?"

"Nipishe," Tekber akasema. Betri ilikuwa imeanza kuchoka, kwa hiyo alivuta hendeli ya kuzungushia injini kutoka chini ya kiti, akaichomeka mbele ya gari, akajitanda vizuri na kuzungusha.

Akasimama. Akazungusha tena, polepole safari hii.

"Yeslem. Hii hendeli ni nyepesi."

"Umenenepa tu, una nguvu."

"Acha upuuzi, njoo ushike. Wakati wa baba hendeli hii ilinivunja ngozi ya viganja. Kila nusu mzunguko ilikuwa inakataa. Sasa inakataa mara moja, halafu inapita bure, bure kabisa, halafu inakataa tena kidogo."

Yeslem akashika. Akazungusha akiwa amefumba macho, mdomo umefunguka. Tekber aliukumbuka uso huo. Ulikuwa ukimkera sana zamani, kwa sababu alikuwa nao hata mtu akimsemesha kuhusu chakula.

"Hazishiki pumzi," Yeslem akasema. "Silinda mbili zinavuja. Lakini jana karakanani zilishika zote nne. Nilizijaribu mwenyewe."

"Jana injini ilikuwa baridi."

Wakatazamana. Yeslem akafunika boneti ili mchanga usiingie, na Tekber akawasha makaa. Walikunywa chai bila haraka, Yeslem amegeuzia mgongo upande wa Bi Mneina, akiinua kilemba kila akitaka kunywa. Injini ilipopoa Tekber akarudi kwenye hendeli. Ikamgomea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja ngumu kama nyingine.

"Ikipoa inafunga, ikipata moto inaachia," akasema. "Ni kama mlango unaovimba."

"Valvu," Yeslem akasema taratibu. "Chuma kikipata moto kinarefuka. Kama hukukiachia nafasi, kinasukuma valvu na mlango haufungi." Akainama, akatoa spana, kisha akabaki ameishika tu.

Tekber alikuwa anamjua. "Kuna kitu hukisemi."

"Niliziacha na nafasi ndogo."

"Kwa nini? Wewe si mgeni katika kazi hii."

Yeslem akaangalia mbali kule bondeni. "Nafasi ikiwa sawasawa, Landrova inagonga. Tak tak tak, ndivyo ilivyoumbwa. Na wewe ulikuwa unalalamika miaka yote. Ulikuwa unasema gari hili likiwaka huwezi kuzungumza na mtu, unapiga kelele mpaka koo linakauka. Nikasema, safari hii nimtengenezee linyamaze. Nikabana kidogo. Halafu viti vya valvu ni vipya, vimekaa, vimemeza hata ile nafasi kidogo iliyobaki."

Kisha Bi Mneina, ambaye wote wawili walidhani amesinzia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mto mmoja ukamtoka.

"Ewe Mola! Kwenye ndoa hakuweza kunyamaza kumsikiliza, sasa anainyamazisha injini!"

"Mwambie mama," Yeslem akasema ndani ya kilemba, "nimesikia."

Tekber naye alicheka, lakini alikuwa na joto kifuani ambalo hakulitarajia. Hakuna aliyewahi kumfanyia jambo la kijinga kiasi hicho kwa uangalifu kiasi hicho.

"Lirudishie sauti yake," akasema. "Nitapiga kelele."

Yeslem akafungua kifuniko cha juu. Alikuwa na ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia nafasi, na Tekber akawa anazungusha hendeli kidogo kidogo kila alipoambiwa, valvu moja baada ya nyingine, mpaka ule ukanda ukapita kila mahali kwa kukwaruza kidogo tu. Walifanya kazi hiyo bila kugombana, jambo ambalo Bi Mneina alilitangaza kwa sauti, akimwomba Mungu awe shahidi.

Gari lilipowaka lilitoa ule mlio wake wa bati linalotwangwa. Likagonga majabalini na mwangwi ukarudi. Tekber akaingiza gia, akakanyaga, na Landrova ikapanda Amojar bila kusita, ikapita pale ilipokuwa ikifia, ikafika juu ambako upepo unakuja wa moto na nchi yote imelala chini.

"UNASEMAJE?" Bi Mneina akauliza.

"SIJASEMA KITU, MAMA!"

Kulikuwa na oili inayodondoka kidogo nyuma ya injini, na Yeslem aliiona waliposimama kupoza magurudumu. Alimwonyesha Tekber kwa kidole, naye akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa ikidondoka tangu wakati wa baba yake.

Shingiti waliwakuta watu wamejaa mashambani. Vibanda vya makuti vilikuwa vimesimamishwa, tende zimemwagwa kwenye mikeka, nyekundu na za manjano, na mabakuli ya maziwa yaliyochanganywa na maji na sukari yanazungushwa. Bi Mneina alishushwa, akapewa mahali pa heshima kwenye kivuli, na baada ya muda mfupi hakuna aliyeweza kuhesabu kokwa zilizokuwa mbele yake.

Jioni ya kwanza, kabla jua halijazama, Yeslem alimkuta Tekber kwenye mfereji wa maji, amezamisha miguu. Alikaa mbali kidogo, kwa adabu.

"Mama Salka," akasema, "watu wanasema mengi huko Atar."

"Watu wana midomo."

"Nilikuwa nafikiri, kama wewe hutachukia, labda wasiseme bure."

Tekber alichezesha vidole vya miguu majini. Hakukasirika, wala moyo haukumpiga. Alimwangalia mwanamume huyu, mvi ndevuni, grisi kwenye kucha ambayo hata sabuni ya pwani haikuitoa, akaona kwamba anampenda zaidi sasa kuliko alipokuwa akimfulia kanzu yake pana ya daraa.

"Yeslem, mimi nimeshakuwa mke wako. Nilikuwa mkali na wewe ulikuwa hupo hata ukiwepo. Sasa hivi tukikaa kwenye injini moja tunaelewana. Kwa nini tuiharibu?"

Yeslem akauliza, "Hata chai?"

"Chai njoo. Bisha hodi, ukae, unywe glasi tatu, uende kwako."

"Na mama yako atakuwepo?"

"Atakuwepo."

Yeslem akacheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kilemba kilikuwa kimeshuka shingoni. Akaenda kuwatafuta wazee waliokuwa wakicheza mchezo wa vijiti mchangani, na muda si mrefu sauti yake ikasikika akimshutumu mtu kwa wizi wa kijiti.

Tekber alibaki. Mtu alimletea tende kwenye kikapu, zile laini zilizoiva upande mmoja tu, akawa anazila moja moja. Kule kwenye vibanda wanawake walikuwa wameanza kujaribu ngoma, wakiipasha ngozi kwenye moto. Kisha mwanamke mmoja akaja mbio kutoka shamba la pili, anahema: kulikuwa na bibi harusi wa kupelekwa ng'ambo ya matuta ya mchanga, na gari waliloahidiwa halikuja, na je, dada Tekber anaweza?

"Naweza," Tekber akasema. "Ngoja nimalize kula."