Sori ya Mama

Mama yangu anauza maharagi mbele ya nyumba yetu, mtaani Katoyi. Kiingereza hakukisoma, ila neno moja alilidaka kwa wateja: sori. Mimi niliyekuwa kwenye kozi ya Kiingereza nilikereka, maana mwalimu alitufundisha ni neno la kuomba msamaha, naye alimwambia kila mtu, hata waliofiwa.

Asubuhi moja chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha mjini kwetu, kilipinduka kwenye mawe ya volkano, na makabichi ya papa mmoja, baba wa makamo aliyekuwa akikisukuma, yakatawanyika. Mama akamkimbilia: "Sori, papa, sori!"

"Mama, sori ni ya mutu mwenye alikosa," nikamwambia. "Weye ulimukosea nini?"

Alikuwa ameshainama, anaokota. "Mutu anaumia, na weye unatafuta mukosaji?"

Nikaiendea kamusi kwa hasira, nitafute ushahidi. Kamusi ikanisuta mimi. Zamani neno hilo lilimaanisha mwenye uchungu. Kuomba msamaha kulikuja baadaye. Mama alikuwa karibu na mzizi kuliko mwalimu wangu.

Nikamrudia kwa upole. "Sori, mama."

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Ya nini? Mie siumwi."