Debe Liliponyamaza Likunja

Siku yangu ya kwanza kazini, shamba la majaribio Nachingwea, miaka ya tisini, Bwana Mtafiti alinipa rula ndefu ya mbao akasema, "Mzee, usidanganywe na majani." Nilikuwa kijana bado, ila yeye alimwita kila mtu mzee, hata dereva wake.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kuhesabu najua. Tulipima mpunga wa mlimani, ule usiotaka majaruba, unaoishi kwa mvua tu: urefu wake, machipukizi ya kila shina, masuke, punje zilizojaa na mapepe, yaani maganda matupu. Shina lenye machipukizi mengi linapendeza, kumbe nusu hayatoi suke. Uzito tuliuona kwenye suke refu lililojaa.

Sasa, machipukizi huyahesabu mpaka uchuchumae. Nachingwea hilo halikuwa neno. Tulipopelekwa Likunja, kule Ruangwa, shambani kwa Mama Zuhura, simba alikuwa ameshamchukua mtu kijiji cha jirani. Na mtu aliyechuchumaa, simba hamtofautishi na mbuzi. Basi mmoja akihesabu, mwenzake anasimama nyuma anapiga debe. Debe likinyamaza, ujue mwenzako ameona kitu, inuka.

"Baba, ukitetemeka hivyo utahesabu suke moja mara mbili!" Mama Zuhura alinicheka. Lakini panga lake hakuliweka chini.

Kati ya mbegu tulizojaribu kwake, mpunga mfupi, wa mapema, ulikuwa umeshavunwa. Nilikuwa ndani ya ule mrefu unaochelewa, wenye masuke mazito kuliko yote. Debe likanyamaza.

Niliinuka. Bwana Mtafiti, aliyekuwa akinipigia debe, ameganda, fimbo iko hewani. Mbele yake mpunga umelala, duara kama kitanda.

"Upepo?" nikauliza, maana mpunga mrefu ukibeba sana huanguka.

Mama Zuhura akaweka kiganja kwenye udongo. "Pana joto bado."

Tulirudi kinyumenyume mpaka barabarani. Hapo Bwana Mtafiti akamgeukia Mama Zuhura. "Mama, mbegu hii ndiyo inayozaa kuliko zote. Nitakuachia."

"Inaizidi ile fupi muda gani shambani?"

"Kama mwezi hivi."

"Mwezi mzima dunguni kuilinda, nitakaa na nani, baba? Na wewe?"

Akamwachia ile fupi.

Nimestaafu, niko Marambo. Nami nalima mfupi, na visuke vyake vidogo. Nikikagua machipukizi sichuchumai. Nainama, mgongo unauma. Mke wangu husimama nyuma yangu akigonga sufuria. Akiacha, hata kama anajikuna tu, mimi nimeshatoka shambani.