Mpira Niliouziba kwa Bolti

Mwanangu, nimezunguka na kisanduku changu cha spana kutoka Nakuru hadi Voi, kutoka Voi hadi Isiolo, na kila mara narudi huku Thika kama mtu aliyesahau kitu. Katika mizunguko hiyo yote, iko asubuhi moja ambayo nikiikumbuka mguu wangu wa kulia hukakamaa wenyewe. Sijafika hamsini, lakini vijana wa gereji siku hizi wananiita mzee. Nimekubali. Nivumilie basi nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuingia gereji ya Mzee Gitau pale Kamenu, kwenye kiwanja cha wazi ambapo leo pamesimama jumba la ghorofa. Nikipita hapo hutafuta kwa macho mahali benchi letu lilipokuwa, na sipaoni. Mzee Gitau alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa maneno machache, aliyependa kushika kitu mkononi na kukigeuza mara tatu kabla ya kukitia mahali pake. Mimi baada ya miaka miwili nilikuwa nimeshaamua kwamba yeye ni mpole mno kwa kazi, na kwamba dunia imemwacha nyuma.

Mama Njoki alikuja na gari lake la dizeli, van nyeupe ya mizigo. Alikuwa mjane, na alibeba vifaranga vya siku moja kutoka Thika hadi kwa wateja wa Ruiru, Kahawa Sukari na Githurai 45. Aliendesha mwenyewe. Jambo hilo halikumpendeza shemeji yake, Njoroge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ruiru. Marehemu mume wake na Njoroge walikuwa wamelinunua gari hilo pamoja, kwa hiyo Njoroge alikuwa na sauti.

"Amesema siku nitagonga hata ndoo ya mtu, anachukua funguo anapatia dereva mwanaume," alituambia. "Kwa hivyo mkinifanyia kazi mbaya, mnanirudisha shamba."

Alicheka. Mzee Gitau hakucheka.

Shida ilikuwa betri. Alikuwa amefungiwa feni nne na taa za joto kule nyuma kwa ajili ya vifaranga, na altaneta iliyokuja na gari, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, haikuweza kulisha vyote. Kila akifika Kahawa Sukari, feni zilikuwa zinazunguka kama zina usingizi. Mzee Gitau alisema gari linahitaji altaneta kubwa zaidi na waya mnene zaidi wa kupeleka umeme kwenye betri. Lakini alikuwa anakwenda mazishini Gatundu. "Nikirudi nitatafuta ya gari kama hii," akasema. "Muchiri, usiiguse."

Mwanangu, sikungoja. Mzee alipoondoka tu nilikwenda kwa muuza vipuri vilivyotumika, nikapata altaneta kubwa, safi, iliyotolewa kwenye gari la petroli. Nikachonga kidogo kishikio chake, ikakaa. Ile ya zamani ilikuwa na kitu cha ajabu nyuma yake, mfano wa kopo la chuma, lenye vibomba viwili vya oili na bomba la mpira mweusi mnene. Mpya haikuwa na kopo. Nikajieleza mwenyewe, na nakwambia nilijieleza vizuri sana: oili ile ni ya kulainisha altaneta za kizamani, hizi za kisasa hazihitaji. Nikaziba vibomba vya oili. Mpira ule ulipobaki ukining'inia, nikatafuta bolti inayoutosha, nikausokomeza na kuubana kwa klipu. Kazi ilipendeza macho. Siku ya pili jioni nilimaliza.

Asubuhi Mama Njoki akaja. Niliwasha injini, feni zikavuma, taa zikang'aa kama siku ya arusi. Nilipima betri mbele yake ili aone kipimo kikipanda. Akazungusha gari uwanjani, akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, hii breki imekuwa ngumu. Ni kama nakanyaga jiwe."

"Itazoea, mama," nikamwambia. "Gari imelala siku mbili."

Hilo lilikuwa neno letu vijana wa pale. Mteja akisema klachi imekaza, itazoea. Akisema mlango unalia, itazoea. Ni neno tamu kwa sababu linamaliza maswali, na mteja anaondoka akidhani umejua jambo fulani ambalo yeye hajui.

"Basi panda twende, uniangalie feni mpaka Githurai," akasema. Nikapanda nikiwa na furaha. Tangu ujana wangu gari likiwa linakwenda mahali, mimi nataka kuwa ndani.

Tulipakia vifaranga, tukashika barabara. Kabla ya kufika Juja nilianza kuona jinsi anavyoendesha. Alikuwa anaacha nafasi kubwa mbele yake. Alipotaka kupunguza mwendo alirudisha gia kwanza, kisha akakanyaga breki kwa uzito, bega lake likiinuka. Jasho lilikuwa linamtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Kijana, hii kitu haizoei."

"Bado kidogo, mama."

Kwa nini sikusema asimame? Nimejiuliza katika miji mingi. Nilikuwa najiambia kwamba sikugusa breki. Nilikuwa nimegusa umeme, na breki si umeme. Hilo lilinitosha.

Tulipoanza kuteremka kuelekea mto wa Ruiru, lori la mawe ya kujengea lilikuwa mbele yetu, mbali kidogo. Likawasha taa za nyuma, likasimama. Mama Njoki akakanyaga. Gari likapungua kidogo sana, kama mtu aliyesikia jina lake na kuamua kuendelea na safari. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, akainuka kabisa kwenye kiti, ameshika usukani kana kwamba anaung'oa. Mawe ya lori yakawa makubwa kwenye kioo. Nikavuta breki ya mkono. Yeye akashusha gia mpaka injini ikapiga ukelele. Kushoto, kituoni, watu walikuwa wamesimama, na mama mmoja alikuwa akichoma mahindi. Kati ya watu hao na lori palikuwa na rundo la kokoto. Mama Njoki alilichagua rundo hilo. Naona mpaka leo jinsi alivyolichagua, kwa utulivu, kama anachagua kiti kanisani.

Gari likapanda kokoto, likainama upande, likanyamaza. Kisha vifaranga wote wakalia kwa pamoja.

Hakuna aliyekufa. Mama Njoki alishindwa kusimama kwa sababu ya goti, wakamkalisha kwenye kreti ya soda. Watu wakajaa.

"Kwani ni mama alikuwa anaendesha?"

"Si ndiyo sababu."

"Mama, breki ni ile ya katikati," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale.

Njoroge hakukawia, maana duka lake lilikuwa karibu. Alilitazama gari, akamtazama shemeji yake, akanyoosha mkono.

"Leta funguo."

"Nilikanyaga, Njoroge. Nilikanyaga na miguu mbili."

"Kila mtu akigonga husema hivyo, mama. Leta."

Akampa. Nami nikakaa kimya. Sikuwa bado najua kosa langu lilikuwa wapi, lakini nilijua breki ilikuwa ngumu tangu kwenye uwanja wetu, na nilijua nilimjibu nini. Hayo mawili yangetosha kumtetea.

Mzee Gitau alifika kwa pikapu ya jirani yetu. Alikuwa amerudi kutoka Gatundu asubuhi hiyo, akakuta altaneta ya zamani juu ya benchi ikiwa na kopo lake nyuma, akaomba gari atufuate bila kunywa hata chai. Alimwangalia Mama Njoki goti, akamwambia pole, kisha akaniita kwa kidole. Akainua kiti nilichokuwa nimekalia, kwa maana injini ya gari lile iko chini ya kiti.

"Muchiri. Huu mpira ulikuwa umeingia wapi?"

"Kwa altaneta."

"Na huo upande mwingine unaenda wapi?"

Nikaufuata kwa mkono. Ulipita nyuma ya injini, ukapanda, ukaingia kwenye lile pipa dogo la chuma lililo mbele ya pedali ya breki, ambalo kazi yake ni kuongezea mguu nguvu.

"Mvuto wa hewa ndio unaosaidia mguu kwenye breki. Injini ya petroli inajinyonyea hewa yenyewe," akasema polepole, bila kupaza sauti. "Dizeli hii hainyonyi. Kwa hivyo wakaweka pampu nyuma ya altaneta, inyonyee breki. Ulipotoa altaneta ulitoa breki. Alikwambia imekuwa ngumu?"

"Aliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nilisema itazoea."

Akaichomoa bolti, akaigeuza mkononi mara tatu. "Chuma hakizoei," akasema. "Ulikuwa unataka yeye ndiye azoee. Sasa nenda umwambie. Sema huyo bwana akisikia, na hawa waliocheka wakisikia."

"Mwalimu, si useme wewe?"

"Bolti ni yako."

Nikaenda. Mwanangu, hatua zile chache zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Isiolo. Nikasema yote: altaneta, mpira, bolti, neno langu. Kicheko kikaisha. Njoroge aliniangalia kwa hasira iliyonifanya nirudi nyuma, kisha akazitazama funguo zilizokuwa mkononi mwake kama kitu alichookota. Akainama, akaziweka juu ya mapaja ya shemeji yake. Hakuomba msamaha, ila hakuzichukua tena.

Mama Njoki alikuwa ameniangalia wakati wote huo.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," akasema.

"Haikuwa wewe, mama."

"Nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi." Akalishika goti lake. "Na wewe ungenyamaza mpaka lini?"



Baadaye tulifunga altaneta iliyofaa, kubwa kama alivyotaka, yenye pampu nyuma, na waya mpya mnene mpaka kwenye betri. Mzee Gitau alinikalisha kwenye kiti cha dereva, akaniambia nikanyage breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, kisha niwashe mguu ukiwa palepale. Injini ilipowaka, pedali ilishuka yenyewe chini ya wayo wangu, laini, ishara kwamba pampu inavuta. "Hapo ndipo unampa mtu gari lake," akasema. Mama Njoki aliendelea kuendesha, ingawa goti lile alitembea nalo akichechemea kwa miaka.

Nasaha yangu ni hii. Ukitoa kitu mahali pake, fuata kila mpira na kila waya ulioshikana nacho mpaka mwisho wake, kabla ya kutafuta cha kuzibia. Mtu akikwambia kitu chake kimebadilika baada ya mkono wako kupita, zima injini uangalie. Usimpe maelezo. Na ukiona mwingine anabeba lawama yako, sema kabla hujatafutwa, kwa sababu mimi nilisema baada ya kuburutwa, na ile aibu sijaimaliza.

Basi nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe mwalimu atakayekuita kwa kidole badala ya kukufukuza. Akupe wateja wasioogopa kulalamika, na moyo wa kuwasikiliza. Na kila atakayewasha gari ulilolitengeneza wewe, afike nyumbani kwake akiwa mzima, asijue hata jina lako.