Siku Baba Mkwe Alipokosa Firigisi

Jamani, msicheke kabla sijamaliza, maana aibu niliyoipata hapa Sepuka mbele ya baba mkwe wangu, hata leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya mdomo wangu (nikikasirika nabwata mpaka majirani wanafunga madirisha), na siku hiyo baba yake alimleta waone kama nimebadilika, la sivyo anaondoka naye moja kwa moja. Sasa mimi katika upweke ule nilikuwa nasikiliza kwenye simu mafundisho ya mtawa mmoja wa Kibuddha, hasira ikija itazame tu, fuata pumzi, usidhuru chenye uhai, yakaniingia kwelikweli (mimi Mkristo, kwaya naimba, lakini neno jema ni neno jema), basi asubuhi ya siku hiyo nikamshika jogoo nimchinjie mkwe, nikamtazama, akanitazama, nikamwachia.

Nikapika ugali na mlenda.

Mzee akanawa, akafunua bakuli, akatafuta jingine, na huku kwetu hata mtoto anajua mkwe akija firigisi ni yake, majirani waliokuja kumsalimia wakachungulia jikoni, na jogoo mwenyewe, hana adabu, akapita mlangoni anawika.

"Kumbe kuku yupo," mzee akasema. "Mimi ndiye nisiyestahili."

"Baba, siku hizi nafuata mafundisho ya huruma..."

"Huruma! Kuku unamhurumia, mwanangu ulikuwa unamfokea! Mwanangu, beba mzigo wako, twende."

Jirani mmoja akacheka. Hasira ikanipanda, naifahamu, ila safari hii sikuifuata, nikavuta pumzi, nikashusha, nikavuta tena, na jamani, ikapungua! Ikaondoka yenyewe, mimi nimekaa palepale, nimeduwaa kama mtu aliyenyeshewa mvua kiangazi.

"Nisamehe, baba. Nimekukosea," nikasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama ninayo.

Mama Neema akaweka mzigo chini. "Baba, kaa. Huyu kasemwa mbele za watu na hajafoka. Sijawahi kuona."

Mzee akanitazama weee, akakaa, akamega ugali.

Pumzi bado naifuata, shambani na hata kwenye foleni ya kukamua alizeti, na nguvu yake inanitisha mpaka leo. Ila nimeapa, jambo jema lolote likinijia kichwani, kabla sijalitenda namwuliza kwanza Mama Neema, na mara nyingi ananijibu, "Subiri wageni waondoke."