Gemu Isiyosubiri Salamu

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na kiduka cha kutengeneza redio na televisheni, Mkunazini, mjini Unguja. Kama kuna jambo nililojifunza pale, ni kwamba mashine huharibika kwa kufuata tabia za wenyewe. Kwenye rimoti za mjini kwetu kilikuwa kikifa kwanza kitufe cha kuzima sauti, kwa sababu ya adhana. Na gemu za televisheni zilipoanza kuletwa kutoka Dubai na Maskati, nilidhani kitakachoanza kufa ni kitufe cha kupigia mpira. Sivyo. Kilikufa kile cha katikati, cha kusimamisha mchezo. Nitaeleza kwa nini, maana kitufe hicho nusura kinikoseshe mke.

Ami zangu wawili walikuwa wamekwenda kuniposea. Mposaji mwenyewe hukaa nyumbani, na jibu halitolewi papo hapo hata kama linajulikana. Tuliambiwa, "Tupeni muda tushauriane." Muda ule ukafika wiki ya tatu. Ndipo baba wa binti akaniletea ujumbe kwamba mwanawe aliyeko Maskati kamletea gemu, na hapati wa kumfungia. Mafundi mjini tulikuwa wengi. Nikaelewa kwamba naitwa kutazamwa.

Ami mkubwa akanipa nasaha mlangoni. "Akikuuliza, jibu. Akikupa chakula, kula. Akitaka kucheza, shindwa."

Nilifika baada ya sala ya alasiri. Mzee alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake pamoja na rafiki yake, karani mstaafu wa bandarini. Nikatoa shikamoo mbili, nikapokea marahaba mbili. Televisheni ilikuwa ukumbini, na mzee akaagiza igeuzwe ielekee mlangoni, ili yeye acheze akiwa hapo hapo barazani na asipitwe na mtu. Nilipokuwa nikiunga waya, karani alinikumbusha kwamba Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi wakati bara hawana hata isiyo na rangi. Nikasema naam. Kila fundi wa Unguja aliambiwa hivyo kila alipotoa bisibisi.

Gemu ilikuwa ya mpira. Kwanza unachagua nchi. Mzee alizipitia bendera zote polepole, kama mtu anayechagua kanga dukani.

"Zanzibar iko wapi?"

"Haimo, ami."

"Na Tanzania?"

"Haimo pia."

"Ah. Basi hawakutuonea peke yetu."

Akachagua Kameruni, kwa sababu katika zilizokuwamo ndiyo jirani zaidi. Mimi akanichagulia Uingereza. "Wao wameshazoea kuondoka," alisema.

Nikampa padi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, nikamfundisha vitufe vyake: hiki cha kupasia, hiki cha kupigia, hiki cha katikati cha kusimamisha. Si vigumu. Anayeweza kukumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kukumbuka vitufe vitatu, na nilimwambia hivyo. Kisha nikafuata nasaha. Wachezaji wangu walikimbia kwenda kulikokuwa hakuna mpira. Kipa nikamtoa golini mimi mwenyewe. Mzee akanifunga manne kwa bila, akaweka padi chini.

"Mwanangu, mimi nacheza dhumna kwenye baraza hii miaka thelathini. Namjua mtu anayeshindwa, na namjua mtu anayenishindisha."

"Huyo anaposa," karani akasema. "Anaposa hata kwa miguu ya Waingereza."

"Cheza kweli," mzee akaniambia. "Ukinificha kidogo kama hiki, kikubwa utanambia?"

Tukaanza upya, nami nikacheza kweli. Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiokaa barazani. Michezo yetu yote husubiri. Bao linasubiri, karata zinasubiri, dhumna inasubiri. Mtu akipita akatoa salamu, unaweka kete yako, unajibu, unauliza hali ya nyumbani, ya watoto na ya yule mgonjwa, kisha unaiokota kete palepale ulipoiacha. Waliotengeneza gemu hii hawakai barazani. Kwao mchezaji ni mtu aliyejifungia chumbani. Mpira wao haujui kwamba kuna mtu amesema masalkheri.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasimamisha. Akapita jirani mwenye buibui na kikapu cha samaki: nikabonyeza. Akapita mwalimu wa chuo cha Kurani: nikabonyeza. Akapita mtu aliyepotea njia, akaelekezwa, akaulizwa kwao wapi, akasema Makunduchi, akaulizwa jamaa zake mpaka akapatikana mmoja anayejulikana: nikabonyeza, nikanywa na kahawa. Mchezo wa dakika kumi ulitufikisha karibu na magharibi, mbili kwa mbili.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, Mwingereza wangu alikuwa na mpira mbele ya goli, na kipa amelala chini.

"Asalaam aleikum."

Alikuwa imamu wa msikiti wa mtaani. Mzee akainuka, akampa mikono yote miwili, padi ikabaki juu ya mkeka. Nilimwona akiinuka. Kidole changu kilikuwa karibu na kitufe cha katikati. Nikapiga goli.

Watu elfu kadhaa wakashangilia ndani ya televisheni. Imamu, bado ameshikwa mikono, akageuza shingo.

"Nani kafunga?"

"Mkwe," akasema karani.

"Mkwe wa nani?" mzee akauliza.

Karani akaanza kuangalia kikombe chake cha kahawa. Mzee akaketi, akaniangalia.

"Umenifunga nami nimo kwenye salamu."

"Naam, ami."

"Uliniona nikiinuka?"

"Nilikuona."

"Kwa nini hukusimamisha?"

Ningeweza kusema kitufe kimekwama. Nilikuwa fundi, angeniamini, na kwa kweli vitufe vile vilikuwa vikikwama. Nikatafuta maneno yenye adabu, nikayakosa.

"Nilitaka kushinda, ami."

Aliingia ukumbini, akazima televisheni kwenye swichi ya ukutani, akavaa kofia. "Haya, tukasali," alisema, na njia nzima mpaka msikitini alizungumza na imamu habari za pampu ya maji.

Usiku ule nilimweleza ami mkubwa. Ilibidi kwanza nimweleze gemu ni nini, kisha padi, kisha kitufe. Alisikiliza vizuri sana. Mwisho akauliza, "Ulikwenda kuoa au ulikwenda kufunga magoli?"

Baada ya siku mbili ami zangu waliitwa, wakaenda, wakarudi. Ami mkubwa alikaa, akavua viatu, akaomba maji, akayanywa yote.

"Wamekubali," akasema. "Baba mtu kasema kijana ana makosa lakini hayafichi. Ila lile goli halihesabiwi. Yeye anasema matokeo ni mbili kwa mbili, na anataka kusikia wewe unasemaje."

Kwa sheria za mashine goli lilikuwa halali kabisa. Nikasema mbili kwa mbili, nikaoa. Mke wangu, aliyekuwa akitazama yote kutoka nyuma ya pazia la ukumbini, mpaka leo anasema ilikuwa tatu kwa mbili, lakini hakuwahi kumwambia baba yake.