Siku Nilipotaka Kuongeza Damu kwa Sahani ya Maini

Jamani, chekeni tu, maana nisipowasimulia mimi atawasimulia mama mkwe, na yeye ataongeza chumvi.

Mke wangu, mama Kabula, alikuwa amelazwa anasubiri kupasuliwa uvimbe tumboni, na daktari alishasema haingii chumba cha upasuaji mpaka ndugu watoe damu. Nikasema ndugu gani tena na mimi nipo? Mimi ninayeshuka duarani, shimo refu la mgodi kule Mwakitolyo, nikapandisha mawe ya dhahabu begani (tazameni hii mikono)! Nesi akanitoboa kidole, akaangalia kimashine chake, akatamka mbele ya foleni nzima, "Baba Kabula, damu yako ni pungufu. Hatuwezi kukutoa damu."

Pungufu! Watu wakaguna. "Nipe saa moja," nikamwambia, nikatoka kabla hajamaliza kunieleza. Kwa mama lishe nje ya geti nikaagiza maini, nikaongeza maini, nikafuatisha matembele, halafu juisi ya rozela jagi zima, kwa sababu kila mtu anasema rozela inaongeza damu, nami nikajua ikishashuka tu, imeshafika mishipani. Nikarudi najikokota, tumbo mbele. "Haya, pima sasa!"

Hakuwahi hata kunigusa. Tumbo likapinduka, rozela yote ikatoka, nyekundu, kwenye sakafu nyeupe. Mama mmoja akapiga yowe, "Anatapika damu!" Nataka kusema ni juisi, mdomo umejaa, wahudumu wakanibwaga kwenye machela, wakanivua shati, wakaanza kunikimbiza kwa daktari, na mbele yetu nani anakuja na kapu lake? Mama mkwe! Nyie mnajua sisi Wasukuma na mkwe, hata kula mbele yake naona taabu, sembuse kulala kifua wazi nanuka maini. Nikaruka nijifiche nyuma ya mlango wa karibu, nikaangukia ndani ya wodi ya wanawake, chini ya macho ya mke wangu.

"Baba Kabula," akasema, "ndiyo kutoa damu huko?"

Nesi akanisaidia kuinuka huku anajizuia kucheka. "Baba, chakula kinasagwa kwanza tumboni, kinashuka utumbo mwembamba, kuta zake ndizo zinafyonza virutubisho na kuviingiza kwenye damu, vinapita kwenye ini, kisha moyo unavisambaza mwilini. Hayo ni masaa. Halafu mifupa itengeneze damu mpya, hizo ni wiki na wiki. Chai unakunywa saa ngapi?"

"Nikila tu," nikasema. "Kali, ya rangi."

"Basi ndiyo inazuia madini ya chuma yasifyonzwe, yanaishia chooni."

Nachimba madini kutwa nzima, kumbe ya kwangu mwenyewe nayatupa! Mama mkwe, mwembamba vile, akaweka kapu chini, akapimwa, akatoa damu, akaendelea na shughuli zake.

Mke wangu alipozinduka baada ya upasuaji akauliza nani alimtolea damu.

"Mama yako."

"Na wewe?"

"Mimi nilitoa rozela."

Alicheka huku ameshika mshono, machozi yanamtoka. Mimi sikucheka, niliumia, tena sana. Sasa chai naiweka mbali na mlo, nakula dagaa, maharage na mboga za majani kila siku, wenzangu duarani wananiita mgonjwa, waniite. Juzi nimerudi kwa nesi yuleyule, akanitoboa, akasema, "Damu imepanda, lakini bado kidogo." Nimemwambia asinisahau sura. Nitarudi, na nikikataliwa nitarudi tena, mpaka siku nitakayolala pale nikitazama mfuko unajaa damu yangu mimi.